Perege Wako Walibaki kwa Mtani

Kaka Athumani,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kigoda chako, ukingoni mwa bwawa lako, na kabla mstari huu haujaisha nimeshanyanyuka mara mbili kwenda kuchungulia maji. Asubuhi mvua imenyesha kule juu kwenye bustani za nyanya. Kinachofuata unakijua mwenyewe. Maji yameshuka meupe kama yameoshewa mchele, yananuka dawa ya kupulizia na sabuni ya wanaofua kijitoni. Samaki wamezama chini. Siwaoni. Rehema kaniachia daftari niandike kila ninachokiona, mie nimechomoa karatasi ya katikati nakuandikia wewe, maana ungekuwa mzima ningekuwa nimeshakupigia simu mara kumi.

Kasema nisiguse kitu. "Mama, nakuomba, mikono yako ikae mapajani." Nimemzaa mimi, leo ananipangia pa kuweka mikono! Lakini ana haki. Mikono hii ndiyo iliyoharibu, na mpaka leo sijaja kaburini kukwambia.

Ngoja kwanza nimsifie mpwa wako. Sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye watoto, kwa hiyo nusu ya fahari hii ni yako. Nusu ya pili usiiguse. Pale chuo kikuu mjini wamempa koti jeupe, anasoma matumbo ya samaki. Nilipowaambia wenzangu sokoni Mkuyuni, wakaangua kicheko: "Matumbo? Mbona wewe umeyasoma miaka yote kwa kisu, bila chuo?" Nikawaambia, mie nayatupa, mwanangu anayauliza maswali. Wakanyamaza. Haya, hawakunyamaza, ila mie nilishaondoka.

Kanieleza hivi. Ndani ya utumbo wa samaki mna vijidudu vidogo, jicho haliwaoni, wamejaa tele. Wapo wabaya, wapo wema. Samaki akizoea kuishi kwenye maji machafu, wale wema huenda wanamsaidia: wanaimega sumu kabla haijapenya mwilini, wanalinda ngozi ya ndani ya utumbo isiungue. Yeye kila sentensi anatia "huenda". Mie nikiwasimulia watu hiyo huenda naitoa, inapunguza utamu.

Nimenyanyuka tena. Bado siwaoni.

Kaka, wewe ulijuaje? Darasa la nne uliishia, mie nilimaliza la saba, nikawa nakucheka. Ukileta vifaranga wapya, ulikuwa unachota tope la chini ya bwawa na maji waliyokaa samaki wakubwa, unawamiminia kwenye ndoo, unawaacha humo siku kadhaa kabla ya kuwaachia bwawani. Nikikuuliza, unasema: "Mgeni ale chungu kimoja na mwenyeji, ndipo tumbo lake lizoee nchi." Nikakwambia wewe ni mchafu tu, unatafuta maneno. Na mabwawa ya jirani kila maji meupe yakishuka yanaelea samaki, lako haliguswi. Nikasema bahati.

Ulipofariki, siku ile ya maziko, Kibwana mtani wetu akafanya kama watani wanavyofanya. Alikushindilia udongo vizuri, jasho linamtoka, kisha akaingia bwawani na suruali yake ya msiba, akavua ndoo nzima ya perege, akapita mbele ya waombolezaji akiimba kwamba marehemu alikuwa bahili, sasa kafa na samaki wanakwenda kwa wenyewe. Watu wakacheka huku wanalia. Ndivyo inavyotakiwa. Mie nikashindwa. Nikamkimbilia na mwiko, nikamwita mwizi wa msibani mbele ya wakwe zake. Mtani anatukanwa kwa mzaha, kaka, na mie sikuwa kwenye mzaha. Aliweka ndoo chini, akanitazama, akaibeba tena, akaondoka bila wimbo. Tangu hapo hakukanyaga kwetu.

Nikafanya kubwa zaidi. Arobaini yako ilipokaribia nikasema wageni wa kutoka mjini hawatalikuta bwawa la kaka yangu na tope. Unanijua kwa usafi. Nikakodi vijana, tukalikausha, tukakwangua tope mpaka udongo mwekundu, tukamwaga chokaa. Likang'aa kama sahani. Samaki wote tukawakaanga kwa ajili ya hitma yako. Na walikuwa watamu, Mungu anisamehe. Rehema alitoka kwenye mitihani, akafika saa saba, akala, akaomba kipande cha pili. Kisha akachukua kiboksi chake cha barafu akashuka bwawani. Akarudi polepole.

"Mama, samaki wa mjomba wako wapi?"

Nikamwambia, "Si ndio unajilamba vidole?"

Mtoto hakulia. Afadhali angelia. Alikaa kwenye ngazi, akatazama mkono wake una mafuta. Kumbe mlikuwa mmekubaliana wewe na yeye: aje achukue perege wako walioishi vizazi na vizazi kwenye maji yale, akawapasue, aone tumboni mwao wanaishi kina nani. Ndiyo kazi yake yote ya chuo. Mie aliniambia zamani, nikadhani anataka kitoweo.

Nikanunua vifaranga wapya, wazuri, wa maji safi. Mvua ya kwanza, maji meupe, siku mbili wote wameelea. Bwawa langu linalong'aa! Ndipo nilipolia msiba wako sawasawa.

Sasa sikia nilivyokwenda kwa Kibwana. Mie huyu. Nimefunga kanga mpya, nimebeba mkungu wa ndizi. Nikamkuta pale anapooshea pikipiki za bodaboda, kanyoosha miguu. Akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mke wangu huyo! Kaja na mwiko au kaja na mahari?" Nikamwambia, "Nimekuja kuomba samaki wa kaka." "Kwa mwizi?" Nikapiga magoti, kaka. Kwenye tope la sabuni, kanga mpya. Nikamwambia, "Siku ile nilikuvunjia heshima, na hukustahili." Akakunja miguu aliyoinyoosha. Kisha akasema, "Simama, utachafua uwanja wangu."

Akanipeleka nyuma. Shimo linapoingia maji yote ya kuoshea pikipiki, povu juu. Nikasema basi, wamekwisha. Akarusha punje za pumba. Maji yakachemka kwa midomo! Kumbe hakuwala samaki wako. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nilikuwa nasubiri uje unitukane vizuri."

Nikamtukana. Nikamtukana mpaka tukalia wote wawili.

Akatupa tisa. Rehema kawapasua wawili chuoni, anasema tumboni mwao kuna watu wa ajabu, bado anawatambua majina, huenda ndio, huenda sio. Saba tumewaweka bwawani na vifaranga wapya pamoja na tope la shimo la Kibwana, wamekaa pamoja wiki kadhaa, wamekula chungu kimoja. Vifaranga wengine wa kundi lilelile tuliwaweka peke yao kwenye pipa hapa ukingoni, hawajaonana na wakubwa, ili tulinganishe. Leo Rehema kalijaza pipa maji yaleyale meupe, kisha kaenda mjini kufuata vifaa vyake. Ndiyo maana situlii.

Kwenye pipa wanaanza kulala ubavu. Kaka, ni vitoto. Mkono unaniwasha, niwachote niwatie maji ya kisima. Kila nikinyanyuka nasikia sauti ya mwanao, mikono mapajani. Naandika: watatu wamelala. Naandika: sita.

Bwawani kimya.

Nimesimama. Nimekaa. Nimesimama.

Kaka! Pale kwenye kona ya mgomba, kitu kimegusa maji. Nikasema jani. Kikagusa tena. Ni mdomo, mdogo kama kifungo cha shati. Na mwingine. Na mkubwa mmoja wa Kibwana kapita chini yao, mgongo mweusi, hana habari na mtu. Nimeandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, WANAKULA. Rehema atakuja kuongeza huenda. Aongeze tu. Bado usiku mzima uko mbele yetu, na kesho, najua. Lakini wale vifaranga wa kwanza waliokufa, siku yao ya kwanza haikuwa hivi. Wale hawakupanda hata mara moja.

Basi pumzika, mwana wa mama yangu. Nisamehe kwa tope lako, nakuahidi sitalikwangua tena hata aje mkuu wa mkoa. Na samaki hawa wakikua, ndoo ya kwanza ni ya Kibwana. Sitampa mkononi. Nitamwita kwenye hitma yako ya mwaka, nitageuza uso nijifanye napepeta mchele, mpaka nisikie anaimba kwamba ulikuwa bahili.

Dada yako,
Mama Rehema