Moto wa Kaka Yake Doreen

Jumapili, Oktoba 2016. Mawingu tangu asubuhi, baridi ya kuuma masikio.

Leo nimeharibu kitu ambacho sijui kinatengenezwaje.

Jirani yangu Doreen amefiwa na kaka yake. Doreen ni Mwojibwe, wa watu waliokuwa kwenye nchi hii kabla ya hao wanaotuuliza sisi tumetoka wapi. Tumepakana ukuta hapa North York miaka mingi, na ndiye aliyenifundisha kuwavalisha watoto wakati wa theluji. Ijumaa aliwasha moto nyuma ya nyumba zetu, ndani ya pipa la chuma la mashine mbovu ya kufulia, akawa anashinda na kukesha nao.

Mimi msiba naujua. Nimezaliwa Njombe, ambako baridi haina adabu, na kwenye kila kilio wanaume hukoka moto nje wakaota na kupiga soga mpaka kuche. Kwa hiyo sikuuliza kitu. Nilipika chai ya tangawizi na maandazi, nikampelekea, nikajiona jirani mwema kweli.

Leo nimetoka kanisani, bado na kitenge changu chini ya koti, nikamkuta anasinzia kwenye kiti. Nikamwambia aende akalale, moto nitauangalia mimi. Alinitazama kwa muda kabla ya kuinuka.

"Usizimike tu, Mama Neema. Mpaka kesho jioni."

Nikamjibu asiwe na wasiwasi, mtoto wa Njombe hashindwi na moto.

Domo langu hilo!

Baadaye akaja mlinzi wa nyumba zetu, kijana wa Kizungu, mpole tu. Kuna mtu kalalamikia moshi. Akaniuliza kwa adabu kama moto ule ni wa ibada au wa mila fulani, maana kama ni hivyo angepiga simu ofisini, huenda wangeuruhusu. Nikamwambia hapana, tuna msiba, tunaota tu. Nilisema kwa kujiamini kabisa. Akanipa pole, akasema basi hana la kufanya, akaenda kuchukua ndoo ya maji.

Hata sikubisha. Niliwaza tu kwamba Doreen akiamka nitampa blanketi langu zito.

Alipotoka alisimama akitazama majivu yaliyolowa. Nikaanza kueleza habari za moshi, za mlinzi, na jinsi nilivyomjibu. Hapo ndipo aliponiambia. Moto ule haukuwa wetu sisi tuliobaki. Ni wa marehemu. Roho yake inasafiri siku nne, na ule moto ndio unaomwangazia njia.

"Hajafika," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Doreen alichukuliwa kwao akiwa mtoto mdogo, akapelekwa shule ya bweni ya kanisa, ambako aliyesali kwa lugha ya kwao alichapwa. Alitoka huko hana lugha wala sala. Kaka yake naye alipitia hukohuko, ila ukubwani alirudi kwa wazee, akajifunza upya, akawa anamfundisha dada yake kidogokidogo. Haya yote nilikuwa nayajua. Siku hizi kila asubuhi shuleni kwa Neema wanatangaza kwamba tuko kwenye ardhi ya nani, hata mimi maneno yale karibu nimeyashika. Nimewaona viongozi wakiomba radhi kwenye televisheni kwa ajili ya shule zile, nami nikiitikia kwa kichwa, nikiamini kwamba upatanisho ni kazi ya Wazungu, mimi nimekuja juzi tu. Leo Mzungu aliuliza swali lililotakiwa kuulizwa, na aliyejibu ovyo ni mimi.

Kingine kinanitafuna. Babu yangu alipobatizwa, matambiko yaliachwa, na nyumbani hakuna aliyeyataja tena. Je, na ule moto wa kwetu ulikuwa wa kuota tu? Sina wa kumuuliza. Nilijiona najua mila kumbe najua baridi tu.

Nilimwambia Doreen tuwashe tena, sasa hivi, nitamfuata mlinzi, nitapiga magoti, nitasema lolote linalotakiwa kusemwa. Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

"Sijui kama unawashwa tena ukishazimika," akasema. "Sijui anasubiri hapo alipo, au anarudi, au amepotea. Mambo haya nilikuwa namuuliza yeye."

Tulikaa pale wawili mpaka vidole vikafa ganzi. Nilitaka kusali, nikaona aibu kusali mbele yake.

Kesho jioni siku zake zinatimia. Nitagonga mlango wa Doreen, hilo nimeshaamua. Akifungua, nitamwambia nini?