Kilichokata Mtandao

Baba Kubra,

Wali uko kwenye hotipoti, mchuzi uupashe moto. Wateja wa intaneti nimewarudisha makwao.

Asubuhi kompyuta ilikuwa inaitambua kadi ya mtandao, lakini mtandao wenyewe haukupatikana. Mdogo wako Sajid aliichomoa kadi, akairudisha. Ikatambuliwa tena, ila taa yake haikuwaka. Akasema, "Shemeji, kadi ni nzima. Tuufuate waya."

Tuliufuata mpaka darini. Umekatwa kwa kisu, juu kabisa ya chumba cha Kubra. Hapo palikuwa na mkeka, maganda ya korosho na kandambili. Mimi nikikwambia nasikia mtu anakohoa usiku, wewe unacheka, unasema ni panya. Haya, panya wako anavaa kandambili.

Naondoka na Kubra kwenda kwa dada yako Shangani. ~~Ukishakula, funga milango unisubiri.~~

Usisubiri humu. Sajid alipanda tena sasa hivi kuunga waya, akashuka ananong'ona. Mkeka haupo, na milango yote bado imefungwa kwa ndani.

Tunatoka wote watatu. Ukisoma hapa, nawe toka.

Mama Kubra