Mgongo wa Friji

Kihesa, Iringa
Jumapili, Agosti 1957

Asubuhi ya upepo. Upepo wa Iringa mwezi huu hauna adabu: unapita chini ya mlango, unageuza karatasi kabla sijamaliza mstari, nami nimeibana kwa kikombe cha chai ya tangawizi ambayo imekwisha poa. Wenyeji wangu bado wamelala kwa uchovu wa harusi ya jana. Ni mimi peke yangu niliyeamka, na afadhali iwe hivyo, maana sitaki kupongezwa tena.

Jana niliombwa kuzungumza katika harusi ya binti wa binamu yangu. Nimeizoea kazi hiyo. Mtu akioa, akizikwa, madrasa ikifunga mwaka, naitwa. Nilipewa nizungumze juu ya haki za wazazi, nikazungumza. Nilijenga maneno yangu taratibu, nikashusha sauti mahali pa kushusha, na upande wa wanawake nikasikia watu wakijifuta machozi. Nilipokaa, mzee mmoja mwenye fimbo akanishika mkono asiuachie.

"Mwalimu, aliyekuzaa wewe amezaa! Yuko wapi huyo mama, na sisi tumpe mkono?"

Nikamjibu kwamba yuko Rujewa kwa dada yangu, anapumzika.

Jibu hilo ni la kweli. Tangu jana halijaniacha.

Nitaliandika jambo lenyewe kwa mpangilio, kama ninavyolieleza jambo mbele ya watu wasiolijua, kwa sababu sina namna nyingine ya kuandika.

Baba alipofariki Kilwa, nilimchukua mama nikamleta Mbeya. Mimi ni mwanawe wa kwanza, nina nyumba, nina mkahawa mdogo, na niliona mahali pake ni kwangu. Dada yangu Mwanaidi, aliyeolewa Rujewa na mfanyabiashara wa mpunga, alitaka mama akae kwake. Alisema kule bondeni kuna joto, na mtu wa pwani atapata nafuu. Tulikaa kikao cha ndugu nikamshinda. Leo sizikumbuki hata hoja nilizotumia. Nakumbuka tu kwamba nilishinda.

Mama hakuizoea Mbeya. Ukungu ukishuka kutoka mlimani alijifunga kanga mbili, akavaa juu yake koti langu kuukuu, akakaa amejikunyata. Jiko la makaa nililipiga marufuku chumbani mwake, na nilikuwa na sababu. Mwaka mmoja kabla ya hapo ndugu wawili, maseremala wa mtaani kwetu, walilala na jiko ndani wakiwa wamefunga mlango na dirisha. Hawakuamka. Ni mimi niliyezungumza mazikoni. Niliwaambia waombolezaji kwamba hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haionekani wala haina harufu ya kumshtua mtu, na kwamba inamchukua polepole naye akidhani ni usingizi. Baada ya mazishi yale niliona madirisha ya jirani yakiachwa wazi hata siku za baridi kali, nikajisikia mtu wa manufaa.

Friji niliinunua kwa ajili ya mkahawa, ili madereva wa malori wapate soda na maziwa baridi. Ni ya mafuta ya taa, na niliiweka katika chumba kidogo kati ya mkahawa na nyumba yetu. Chini yake kuna tangi na utambi unaowaka mchana na usiku, na moto huo, kwa namna ambayo hata sasa siielewi vizuri, ndio unaoleta baridi ndani. Joto lake hupanda kwa bomba la nyuma. Ilikuja na karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja, nikaitundika ukutani kando ya kalenda kama wengine wanavyotundika picha.

Mama Atu, mkulima wa mlimani anayetuletea maziwa, alicheka mpaka akaweka kibuyu chini.

"Mwalimu, yaani hapa Mbeya unanunua baridi? Si ungekuja kwangu kule juu nikupe ya bure, ujaze na gunia!"

Mama ndiye aliyegundua siri ya mashine ile. Siku moja alipita nyuma yake akiokota ushanga, akasimama, akaweka viganja vyake viwili kwenye bati. Akaniita.

"Mwanangu, mashine yenu hii imezaliwa kinyume. Tumboni baridi, mgongoni moto."

Tangu siku hiyo akahamia pale. Alitandika mkeka nyuma ya friji, akaweka mto, na kila baada ya chakula cha mchana alijilaza mgongo kwa mgongo na mashine. Aliiita mkwe wake. "Mkwe leo ana homa," alisema ikichemka zaidi. "Mkwe leo kanuna." Tulicheka sana nyumbani kwangu siku zile.

Kipupwe cha mwaka jana kilipoingia hakuna dereva aliyetaka tena kinywaji baridi. Zuhura, mke wangu, akashauri tuizime mpaka joto lirudi. Mimi nikasema iwake, iwake kwa ajili ya mama. Nililisimulia hata kwa wageni, kwamba mama yangu nampasha moto kwa friji. Na kwa kuwa kioo cha dirisha la chumba kile kilikuwa kimevunjika na ukungu ulikuwa ukiingia, nilichukua gunia na mbao nikaliziba vizuri kwa mikono yangu.

Mimi, niliyezungumza mazikoni.

Haikunijia akilini. Makaa tuliyaogopa, na hapa hapakuwa na makaa. Palikuwa na mashine nyeupe yenye karatasi ya dhamana.

Wakati wa Ramadhani ya mwaka huu moto wake ulibadilika. Ulikuwa wa buluu, mtulivu. Ukawa wa njano, unarukaruka upande mmoja, na ukuta wa nyuma ukaanza kushika masizi. Nilikuwa na mialiko mingi mwezi ule. Nilipofika kwenye duka nilikoinunua ilikuwa baada ya Idi.

"Mwalimu, karatasi yako imekufa," mwenye duka aliniambia. "Mwaka umekwisha."

"Karatasi imekufa leo. Ugonjwa ulianza karatasi ikiwa hai."

Akacheka, na waliokuwa dukani wakacheka pamoja naye. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Watu walianza kuja kutusikiliza. Sehemu iliyoharibika, ile pete ya chuma inayoshika utambi, ilipaswa kuagizwa Dar es Salaam, na mimi nilishikilia kwamba iagizwe chini ya dhamana kwa kuwa hitilafu ilianza ndani ya muda wake. Ningeweza kuinunua. Sikutaka, kwa sababu haki ilikuwa upande wangu.

Na ilikuwa kweli upande wangu. Hata sasa nasema hivyo. Lakini haki yangu haikupunguza moshi hata kidogo.

"Mwalimu, sawa, tutabishana mpaka Idi nyingine ukitaka," mwenye duka aliniambia siku moja. "Lakini izime kwanza."

Niliuona huo ni ujanja. Nikiizima, nitaonekana sina haraka, naye atanisahau.

Mama alikuwa ameanza kuumwa kichwa. Kilimuuma alasiri, akiamka pale nyuma, na mara nyingine alitapika. Tulisema ni baridi. Kisha akaenda Rujewa kumwona mjukuu aliyezaliwa, akakaa huko wiki nzima. Aliporudi aliniambia, hata hajavua viatu:

"Mwanangu, Rujewa kichwa hakikuniuma hata siku moja."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi sana. Aliniambia habari, habari tupu, ya mwili wake mwenyewe. Mimi nikasikia hoja. Nikasikia Mwanaidi akisema kwa kinywa cha mama, kikao cha ndugu kikifunguliwa upya, nikamjibu kama ninavyowajibu wapinzani: kwa upole, kwa tabasamu, nikamwambia furaha ya mjukuu ni dawa, na kichwa kitapoa.

Akasema, "Haya, baba." Akaenda kwa mkwe wake.

Jumamosi ile ya Juni manyunyu yalianza tangu alfajiri. Zuhura alikuwa Mwanjelwa sokoni. Mimi nilikuwa dukani, na nilikuwa katika ubora wangu. Sitasahau jinsi mwenye duka alivyoinua mikono yote miwili na kusema, "Basi, Mwalimu, basi! Nitaiagiza, na gharama juu yangu." Watu walinipigia makofi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, mvua ikininyeshea, nikipanga jinsi nitakavyomhadithia mama.

Nilimkuta nje. Amelazwa kwenye majani, juu ya mkeka wake, na Mama Atu amempakata kichwa huku amemfunika kwa shuka yake mwenyewe. Maziwa yamemwagika kutoka mlangoni mpaka uani.

"Nimekuja kuweka maziwa, Mwalimu. Mlango umefungwa. Nimemwita Bibi, Bibi, kimya. Nikamvuta na mkeka wake. Usisimame hivyo, mshike miguu!"

Hospitalini daktari aliuliza kama tuna jiko la makaa chumbani. Nikamjibu hapana, na Mungu anisamehe, nilijibu kwa sauti ya mtu anayesifiwa. Nikataka kumweleza habari ya maseremala.

Mama Atu akanikata. "Daktari, kuna ile sanduku yao ya baridi. Ndani ya chumba inanuka kama taa inayotaka kuzimika. Na dirisha wamelifunga na gunia."

Daktari alinitazama, akainama tena kwa mgonjwa wake. Sijawahi kupewa jibu zito kama lile.

Mama alizinduka. Siku chache akawa mzima, anacheka, anamlaani mkwe. Tukachinja mbuzi. Kisha maneno yakaanza kumpotea. Mwanamke aliyeweza kutaja ukoo wetu mpaka babu wa saba asikosee, ambaye hata hii kazi yangu ya kusema nimeirithi kwake, akawa anauliza chakula kitaletwa lini hali sahani iko mbele yake. Ananiita kwa jina la baba. Mkono wake wa kushoto unatetemeka. Daktari alisema hewa ile huweza kufanya hivyo, ikaondoka na kuacha alama yake nyuma. Alisema huenda akapata nafuu, huenda isiwe.

Mwanaidi alikuja kumchukua mwezi uliopita. Safari hii sikuwa na hoja.

Pete ya utambi ilifika kutoka Dar es Salaam. Imo bado ndani ya boksi lake, sijalifungua. Friji nimeizima. Zuhura anahifadhi sukari humo kwa sababu panya hawafiki.

Na sasa jambo linalonitesa zaidi ya yote. Nilipokwenda Rujewa mara ya kwanza, nilikaa mbele ya mama nikamwambia kila kitu: dirisha, gunia, duka, na jinsi nilivyompuuza alipotoka safari. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza akilia, akaniwekea mkono kichwani, akanipa radhi kwa maneno kamili, mazuri, kama ya mama yangu wa zamani. Nilitoka nje nikiwa mwepesi. Niliporudi baada ya sala ya alasiri aliniuliza mbona macho yangu mekundu, nimefiwa na nani?

Nikamwambia tena. Akalia tena, upya kabisa, kama hajapata kulisikia. Akanipa radhi tena. Kesho yake nikamwambia mara ya tatu.

Mwanaidi alinivuta mpaka nyuma ya ghala la mpunga.

"Kaka, unamliza kila siku kwa jambo asilolikumbuka. Unamwomba kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

 

Radhi ya mtu asiyekumbuka alichokosewa, je, ni radhi? Nimeuliza watu wenye elimu, nikilitaja kama swali la mtu mwingine. Wamenipa majibu mazuri. Mengine ningeweza kuyatumia katika hotuba. Hakuna lililonilaza usingizi. Jana, nilipokuwa nimesimama mbele ya wale watu nikieleza kwa ufasaha haki ya mama, niliona kwa ghafla kwamba hata kuomba kwangu radhi nimekufanya hotuba. Nina mwanzo wake, nina mahali pa kushusha sauti, na msikilizaji wangu hulia pale pale kila mara.

Kesho nitapanda basi la Mbeya. Nitashuka njiani, nitafute lori la mpunga linaloingia Rujewa. Nitamkuta uani, juani, amekunja miguu, amevaa kanga moja tu kwa sababu kule haihitaji ya pili. Hatanijua mara moja. Nitamsalimu, nitakaa chini karibu naye, na habari ya friji sitaianza.

Mwanaidi anasema kuna neno moja ambalo halijampotea. Humwambia kila anayepita, jirani, muuza samaki, hata watoto: "Huku kichwa hakiniumi." Wao hucheka, wanadhani ni utoto wa uzee.

Kesho atanieleza na mimi. Namwomba Mungu anizibe kinywa, nisimwambie lolote zaidi ya haya:

Kweli, mama. Nimesikia.