Kidude Ndani ya Mkoba

Nshamba, Muleba

Mjukuu wangu Koku,

Nakusalimu sana. Mimi ni mzima na migomba ya kibanjani imezaa vizuri, ila tangu babu yako afariki nyumba imekuwa kimya mno.

Umeniandikia kwamba mchumba wako alificha kidude cha kukufuatilia ndani ya mkoba wako, na anasema ni kwa sababu anakupenda. Unaniuliza kama ni kweli.

Kabla ya babu yako, nilichumbiwa na mwanamume mwingine wa hapahapa. Siku moja nilikwenda Bukoba kumuuguza shangazi yangu kule Kibeta. Niliporudi, mchumba huyo alinitajia gari nililopanda, duka nililoingia, hata watu niliosalimiana nao.

“Nani kakwambia?” nikamuuliza.

“Nina watu wangu. Nakulinda tu.”

Tangu hapo niliogopa kumsimulia hata dada yangu jambo, maana sikujua nani alikuwa mtu wake. Sijawahi kuwa mpweke kama siku zile. Nikamwambia baba kwamba siolewi naye tena, naye akaninunia miezi mingi.

Siku hizi naenda kanisani na kurudi bila yeyote kuniuliza nilikuwa wapi. Inauma, lakini siogopi mtu.

Usimkabili peke yako, Koku. Kitunze hicho kidude, mwende nacho polisi wewe na mama yako mdogo. Kisha njoo nyumbani. Siku utakayosafiri usimtajie mtu, hata mimi usiniambie. Utanikuta tu.

Bibi yako