Kwa Shemeji Mabula, Kuhusu Ile Sare

Shemeji yangu Mabula,

Wiki iliyopita mteja mmoja aliketi kwenye benchi la kibanda changu akisubiri nimpindie suruali, akaanza kumsimulia mwenzake habari za mechi yetu na Bariadi. Mwenyewe hakuwapo uwanjani. Mwaka ule alikuwa bado Ushetu, akilima tumbaku. Lakini alisimulia kama mtu aliyesimama nyuma ya goli. "Ndiyo mechi aliyoiuza Mabula," akasema. Nikasimamisha cherehani. Nilitaka kusema neno, lakini nikaendelea kushona. Ndiyo maana nakuandikia. Na naandika wazi, ili wengine wasome, maana wewe yote haya unayajua. Wao ndio hawajui.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari, unakumbuka, hata jezi zilikuwa hazipatikani. Nilizishona mwenyewe kwa kitambaa cha mapazia, na yako ya golikipa nikaiongezea mikono mirefu kwa sababu ulilalamika kuwa ardhi ya uwanja wetu inachubua viwiko. Ukaivaa mbele ya dada yangu Nkwimba, mkeo, ukageuka huku na huku kama bibi harusi, naye akacheka mpaka akakaa chini. Timu tuliiita Chapakazi kwa kuwa karibu wachezaji wote mlikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mchana mlibeba marobota, jioni mlikimbia uwanjani na nyuzi nyeupe bado zimenasa nywelani. Mimi sikuwahi kupiga hata danadana tatu, lakini hapakuwa na mazoezi yaliyonipita. Nikiwa fundi wa jezi, nikaingizwa na kwenye kamati.

Mechi ya mwisho ilitukuta kileleni. Tuliwazidi Maswa pointi moja tu, enzi zile ushindi ukiwa pointi mbili, nao wangecheza Kahama siku moja baada yetu. Tukiwafunga Bariadi, kazi imekwisha, tunakwenda kuuwakilisha mkoa. Tukitoka sare, inabidi tuombe Maswa wasishinde. Mji mzima ulijua hesabu hiyo. Hata akina mama wa sokoni walikuwa wakiizungumza huku wakipima michembe ya viazi vitamu.

Asubuhi ya mechi ulikuja kibandani kabla sijamaliza kufagia. Ulikuwa umeuficha mkono wa kushoto ndani ya koti.

"Shemeji, jana robota liliniteleza," ulisema. "Kiganja hakikunji."

Ulipoutoa, kifundo kilikuwa kimevimba na kugeuka rangi. Nilikigusa kidogo tu, ukauma meno.

"Nataka nimwambie mwalimu amweke Shija," ulisema.

Hapa ndipo nataka niseme polepole, Mabula. Ungemwambia mwalimu. Ulikuwa njiani kwenda kumwambia. Kwangu ulipita kwa sababu nilikuwa kaka wa mkeo, na ulitaka mtu mmoja akuambie kwamba unafanya sawa. Mimi sikuuona mkono wako. Nilichokiona ni Shija, golikipa wetu wa akiba, anavyofumba macho mpira ukija. Niliwaona Maswa wakituzomea.

"Shija atatuua," nilikuambia. "Ni dakika tisini tu. Keti hapa."

Nikachukua kipande cha kaki kilichobaki kwenye suruali ya mtu, nikakukaza kifundo, raundi baada ya raundi, kisha nikashusha mkono mrefu wa jezi pasionekane kitu. Jasho lilikutoka mpaka kidevuni. Nilipomaliza ulinitazama, ukasema, "Sawa. Ila usimwambie mtu, wataniona mwoga." Nikakubali haraka mno.

Nilisimama nyuma ya goli lako, mahali pangu pa siku zote. Tulipata goli mapema, kichwa cha nahodha, na uwanja ukafunikwa na vumbi la watu waliokuwa wakirukaruka. Baada ya hapo ikawa kungoja. Kipindi cha pili Bariadi walikuja juu. Niliona unavyodaka kwa mkono mmoja na kuusindikiza mpira kwa kifua. Niliona unavyowaachia mabeki wapige mpira wa goli, wewe uliyekuwa na teke la kufika katikati, maana kila teke liliutonesha mkono. Watu walisema unajivuna. Mimi niliyejua, nilikuwa natazama saa ya jirani yangu.

Zilikuwa zimebaki dakika tatu au nne. Kona ikapigwa, mabeki wakaondoa nusunusu, mtu wa Bariadi akaugusa kwa ndani ya mguu. Haikuwa shuti. Mpira ulikuja ukiburuzika, ukauinamia kwa mikono yote miwili, na mkono wa kushoto ukaukataa. Ukautema. Ukapita katikati ya miguu yako na kuvuka mstari taratibu, nikiwa nimesimama hatua sita nyuma yake.

Ikawa bao moja kwa moja. Ukageuka kuutoa mpira wavuni, tukatazamana. Hukunilaumu kwa macho. Ulionekana tu umechoka.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mtu mmoja upande wa benchi za mbao akasema, bila hata kupaza sauti, "Ameuza huyu." Wa pili akadakia. Kabla hatujafika barabarani likawa ndilo neno la mji. Wakakumbuka kwamba wiki iliyotangulia baiskeli yako ilikuwa na tairi jipya, wakati ambapo matairi hayakuonekana hata kwa kibali. Tairi lile mjomba wako alikuletea kutoka Mwadui. Hilo pia nilikuwa nalijua.

Kesho yake mji mzima ulikaa ukimsubiri dereva wa lori la pamba aliyekwenda Kahama. Alipofika hakuzima hata injini. "Maswa wameshinda," alisema, na watu wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Sasa tulilingana pointi. Ingechezwa mechi moja ya mchujo, uwanja wa Mwadui, Jumapili inayofuata.

Kamati ikakuita. Ulisimama mbele yetu ukiwa umeuweka mkono nyuma. Mwenyekiti akakuuliza ilikuwaje.

"Mpira ulinishinda," ulijibu.

"Mpira wa mtoto vile?"

"Ulinishinda, mzee."

Mwenyekiti akatugeukia. "Kuna mwenye neno?"

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la pili, karibu kiasi cha kukugusa. Nilijiambia kwamba uliniomba nisiseme. Nilijiambia hivyo na nikaona unafuu. Lakini ukweli ni kwamba wangeniuliza ni nani aliyekufunga kitambaa, na nani alikuambia ucheze. Niliinamisha kichwa nikawa natazama viatu vya mwenzangu. Mwenyekiti akaandika jina la Shija, ukatoka.

Na Mwadui tulishinda, Mabula. Hilo ndilo lililokumaliza. Tungefungwa, pengine watu wangesema Chapakazi bila Mabula si kitu. Lakini Shija, yule yule anayefumba macho, alipangua mikwaju kama aliyezaliwa golini, tukapata penalti moja, tukaifunga. Njia nzima ya kurudi watu waliimba juu ya lori kwamba msaliti ametolewa na nyumba imetakata. Niliimba nao. Nilikuwa na furaha ya kweli, sitadanganya. Kwa muda wa safari ile nilikusahau.

Nilipofika kwako ulikuwa umekaa kwenye kigoda nje, Nkwimba amekuwekea maji ya moto na chumvi.

"Vipi?" uliuliza.

"Tumeshinda. Moja bila."

"Shija alidaka?"

"Alidaka vizuri."

"Wabeja," ulisema. Ukaniambia asante kwa kukuletea habari, ukarudisha mkono kwenye beseni.

Kiwandani waliacha kula na wewe. Ulivumilia mpaka mvua zilipokatika, kisha ukapanda basi kwenda machimboni Geita, ukisema unajaribu bahati. Barua zako zilikuwa fupi: mko wanne kwenye duara moja la kuchimbia dhahabu, shimo ni refu, mwamba ni mgumu, msalimie mtoto. Mkono haukupona sawasawa, uliniandikia mara moja tu, unashindwa kukaza kamba vizuri wakati wa kushuka. Nilisoma mstari ule nikakunja barua.

Ulipoletwa nyumbani, nilikuwa miongoni mwa waliokupokea. Wenzako wa duara walisema ulikuwa unapanda, kamba ikakuponyoka. Hawakujua ni kwa nini mtu mwenye nguvu vile aponyokwe na kamba. Nahodha wetu alikuja mazishini, na Shija pia. Walichimba kaburi bila kupumzika. Hata hapo nilinyamaza.

Siku ya kumaliza matanga nilimfuata Nkwimba jikoni, nikaanza kumwambia. Hakuniacha nifike mbali.

"Kaka, najua," alisema, akiendelea kusonga ugali. "Aliniambia jioni ile ile ya mechi. Akanikataza nisikuulize. Alisema una aibu ya kukutosha."

Tangu hapo dada yangu ananikaribisha, ananipakulia, ananiuliza hali ya wanangu. Mechi hatujaitaja tena. Mara nyingine natamani angenifukuza.

Sasa Limi, binti yako, yuko darasa la sita. Ana mikono mirefu kama yako. Shuleni wenzake wamekuwa wakimtania kwamba baba yake alikula hongo ya Bariadi, naye amewahi kupigana mara mbili kwa ajili hiyo. Nilipolisikia jambo hilo, na halafu akaja yule mteja wa suruali, niliona nimefika mwisho wa kunyamaza. Kesho nitaibandika barua hii kwenye mlango wa kibanda, upande wa barabarani. Wanaotaka kupeleka vitambaa vyao kwa fundi mwingine watapeleka.

Lakini juzi nilimpa Limi kurasa za mwanzo, azisome kabla ya watu. Alisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye kikao cha kamati alirudia tena kutoka mwanzo wa aya. Kisha akauliza, "Mama anajua?"

"Anajua."

"Na mimi ndiyo naambiwa leo."

Akanirudishia karatasi, akachukua daftari zake, akaondoka. Toka siku hiyo hajaniamkia. Jana alipita mbele ya kibanda akitoka shule, nikamwita kwa jina, akaendelea na njia yake akiwa ameinua kichwa. Sikumwita mara ya pili.

Pumzika, Mabula. Uwanjani siendi tena.

Mimi shemeji yako,
niliyekufunga mkono.