Shemeji Niliyemtania Barierini

Kisangani, tarehe 14 Machi 1984

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Hadidja, huko Kindu,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na watoto, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi huku tupo. Mke wangu Nyota anakusalimu, watoto wanaenda shule, umeme wa Tshopo unakatika siku mbili unarudi siku moja. Mimi siumwi popote. Nakula ninachopewa.

Nimepata barua yako ya kumuulizia mume wako, Assumani. Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba amebaki Bafwasende kununua maharagwe. Yaya, nilikudanganya.

Tulitoka naye Bafwasende Jumanne asubuhi, ameketi mbele pamoja nami katika kamio, mizigo na abiria wengine nyuma. Kwenye barabara hiyo kuna barieri ya uhamiaji, kizuizi cha kukagua watu, ingawa mpaka uko mbali, siku nyingi za matope. Zacharie, karani wa chama chetu cha mashofere, alitueleza mara nyingi kazi ya barieri hiyo: ni kutafuta wageni wasio na karatasi, basi. Shofere anaonyesha permi yake ya kuendesha na karatasi za gari. Kila abiria anajijibia mwenyewe, na shofere halazimiki kusema nani ametoka wapi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu maneno hayo, tena kwa majivuno.

Siku ile karti ya uraia ya Assumani ilikuwa imelowa mvua. Jina lilisomeka, mahali pa kuzaliwa hapakusomeka. Mkubwa wa barieri alimuuliza, naye akajibu kwamba ni mtu wa Kasongo. Kisha mkubwa akanigeukia mimi, akataka kujua kama namfahamu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema ni mume wa dada yangu. Lakini unajua utani wetu tangu siku ya mahari, jinsi anavyowaambia watu kwamba alinipata bure, nyongeza juu ya mke. Nikasema: "Chef, huyu iko mutu wa Uganda, nilimuokota mu njia, mumufunge tu." Assumani alicheka kuliko mimi.

Mkubwa hakucheka. Aliamuru ashushwe. Nilimweleza kwamba huu ni utani wa mashemeji, kwetu ndivyo tunavyosalimiana. Alijibu kwamba yeye si shemeji yangu na serikali haitaniwi. Akafungua daftari, akaandika yale maneno yangu ya Uganda, akanipa kalamu. Alisema nikitia sahihi kamio itapita, nikikataa itabaki pale na mimi ndani yake. Jua lilikuwa kali, samaki wa abiria walianza kunuka, watu wakanipigia kelele juu ya mizigo. Assumani alikuwa ameketishwa chini bila viatu, ananitazama. Nadhani alikuwa na hakika kwamba nitakataa.

Nilitia sahihi, Yaya.

Niliporudi barierini baada ya siku tatu waliniambia amepelekwa mpakani pamoja na wengine. Nimeuliza hadi Bunia, hakuna anayejua. Zacharie anasema inatakiwa karatasi yake ya kuzaliwa ya Kasongo, ile unayoitunza wewe, na mimi niende nikakane maneno yangu mbele ya wakubwa, hata kama watanifunga kwa kosa la kusema uongo. Nimekubali. Usidhani ni ushujaa. Nyota analia tangu nilipomwambia Ijumaa, mimi namtazama tu, sisikii kitu moyoni.

Barua hii anakuletea Mama Philomène, mfanyabiashara, kwa njia ya Ubundu. Atakaa Kindu wiki moja. Mpe karatasi hiyo ya kuzaliwa aniletee, nakuomba. Wasalimie watoto mmoja mmoja. Ukitaka kuwaambia kwamba aliyetia sahihi ni mjomba wao, waambie.

Natia sahihi yangu hapa chini. Ndiyo ileile iliyo katika daftari lao.

Mdogo wako,
Zuberi