Sanduku la Namba Fupi

Kaka yangu Misumari,

Mpwa wako sasa hivi ameniibia stempu ya barua hii, akailamba, akajibandika kitovuni, akalala chali katikati ya sakafu na kuniambia, mama nipeleke posta. Nimecheka mpaka kalamu ikaniponyoka. Nilipomuuliza anataka kwenda kwa nani, akasema kwa Mjomba. Sura yako haijui, lakini jina lako halimtoki mdomoni, maana bibi yake humwimbia habari zako kila anapoogeshwa. Stempu imeshika vumbi kidogo, utanisamehe, nitaibandika hivyo hivyo.

Shikamoo, kaka. Ni mimi mdogo wako, yule uliyemwacha meno ya mbele yamepishana. Sasa ni mama wa mtu, na meno bado yamepishana. Natumaini mwili wako una nguvu na kazi ya mikono inakwenda. Kama umeoa, mpe wifi yangu mkono wangu. Sisi tunapumua, shukrani kwa Mungu. Mama ndiye miguu imemvimba, siku hizi hatoki kitandani mpaka ashikwe. Ulimi lakini ungali mzima. Jana alimwambia daktari kwamba ana mikono baridi kama mkwe siku ya kwanza.

Mimi nimeolewa. Shemeji yako alikuwa fundi wa kupaka rangi, akaanguka ngazini, bega likawa haliinuki tena, akageukia udalali wa nyumba. Hakai barabarani kuvuta watu mikono. Yeye huwaandikia barua wenye nyumba: tunatafuta nyumba za kununua, hata zilizochakaa, ukipenda kuuza tujibu. Anwani za juu ya bahasha tunaandika kwa mkono, maana anasema bahasha ya mashine hutupwa bila kufunguliwa. Mwandiko wangu unaujua, kuku kaparua. Yeye anasema ndio unaoaminika.

Tabu ilikuwa anwani yetu wenyewe, ya watu kutujibia. Barua isiyo na anwani ni kupiga hodi na kukimbia. Shemeji yako alitaka lile jengo refu karibu na benki, ambako wanakukodisha jina la jengo tu, hata kiti hupewi. Nikamwambia mtu akija kututafuta pale ataongea na lifti? Akasema basi tuandike hapa nyumbani. Nikakataa katakata. Wapo watu hawapendi kuulizwa habari ya nyumba zao, na akija mmoja kagombana na mkewe, mlango atafunguliwa na mtoto.  Ndipo mama, aliyekuwa anakunja nguo, akasema, si kuna sanduku la baba yenu posta.

Unalijua, lile la tarakimu tatu. Ufunguo wake siku hizi anauvaa mama shingoni. Shemeji yako alipoisikia namba alipiga makofi. Alisema namba fupi ni ya watu wa zamani, masanduku ya sasa yana namba ndefu kama mkia wa tumbili, na mwenye nyumba akiona namba fupi atajua hawa si wa kuja jana. Kwa hilo alikuwa na akili. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba wa kwenda kulifungua awe yeye. Wakati ule alikuwa anatembea. Sikumuuliza kwa nini. Kwa muda mrefu alikuwa akilifungua na kulikuta tupu, halafu analifunga taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Majibu yakaanza kuja. Siku ya kwanza mama alirudi amekumbatia bahasha kifuani. Akanikalisha, akafuta mikono kama anayetaka kupokea mtoto mchanga, akasema soma. Nikasoma. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameturudishia barua yetu amesahihisha makosa kwa wino mwekundu. Mwanamke mwingine aliandika kwamba nyumba haiuzwi, ila mume aliyemo ndani tukimtaka tuje na gunia. Mama alicheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza, nyingine hakuna?

Ikawa ni hivyo kila anaporudi. Biashara inanenepa, mama anakonda. Siku moja akaniambia, mwanangu, lilipokuwa tupu lilikuwa linamngoja yeye. Sasa limejaa watu, atapita wapi?

Nilimwomba shemeji yako atoe namba ile. Alisema biashara imeshasimama juu yake, nisiikate mguu. Tukanuniana.

Kaka, nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wacha nitage.

Kulikuja jibu fupi kuliko yote. Nilikuwa nimempakata mtoto, mdomo ukatangulia macho, nikamsomea mama kwa sauti: "Siuzi. Hata kwako, mzee, siuzi."  Akasema, maskini, huyu ana uchungu gani? Mwandikie umwombe radhi, tumemsumbua mtoto wa watu. Ndipo nikaona mwandiko. Ndipo nikaona jina lako. Nikamwambia ni mwenye nyumba tu, nikaenda jikoni nikafungulia maji ya bomba ili asinisikie.

Orodha ya mtaa wako aliinakili shemeji yako, na bahasha zake akaziandika yeye mwenyewe. Humu ndani wewe ni Misumari, jina lako la shule hajawahi kulisikia. Kwake ulikuwa mwenye nyumba kama wengine.

Kwa hiyo nisikilize. Hakukuandikia baba, namba ya sanduku tu ndiyo yake. Hakutaka kukununua wala kukudharau. Baba alishatutoka, kaka. Mwaka wa tatu huu. Tulimzika bila wewe kwa sababu hatukujua tukutumie habari wapi. Najua alikwambia usimwandikie tena, mtaa mzima ulisikia. Lakini kabla sauti haijamwisha alivua ufunguo kwenye mkufu wake wa funguo, akampa mama, akasema sanduku lisiachwe likafungwa. Hakutaja la nini. Baba unamjua.

Shemeji yako nilipomwonyesha jina lako alikaa kitako. Kisha akakusanya bahasha zote zilizopigwa chapa ya namba ile, akazichoma uani, kesho yake akaenda kwenye jengo refu. Majibu yamepungua, hajalalamika. Sanduku sasa halina mwingine, ni wewe tu.

Mama sijamwambia. Nikimwambia uliandika, atataka kujua uliandika nini, naye alishakisikia. Ninachoomba ni mstari mmoja. Andika hata habari ya mvua, hata kwamba paa lako linavuja. Andika kwa jina lake yeye, namba ni ile ile. Nitamsomea polepole, na mikono nitamfutia mimi.

Shemeji yako anakusalimu kwa heshima zote, mpwa wako anakuamkia, stempu ameirudisha. Salamu za mama sikuletei, kwa sababu hajui kama

Ananiita. Kumbe nilikuwa naandika huku natamka, kaka, tabia ileile ya shule. Anasema amesikia Misumari, anauliza naongea na nani. Ngoja niende nimwambie kwamba